Tusiishie Mstari wa Kumi na Nane



Katika kigango kimoja kilicho kando ya ziwa, upande wa Ilemela, yupo kijana mvuvi wa dagaa ambaye ni mkatekumeni wa mwaka wa pili. Kijana huyo alinunua Biblia mjini kwa fedha yake mwenyewe. Hakungoja kupewa zawadi siku ya ubatizo. Nanyi mwajua kazi ya dagaa ilivyo. Giza likiwa nene watu hukesha majini na taa zao, na mbalamwezi ikifika mitumbwi hupumzika mwaloni, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa penye mwanga wa mwezi. Siku hizo za mapumziko wenzake huzimaliza kwa karata na pombe. Yeye alizimaliza kwa kusoma. Alianza ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Mwanzo, kama mtu yeyote aanzavyo kitabu, akaendelea, na katika mbalamwezi ya tatu akafika Kutoka sura ya 22. Hapo akasimama.

Jumamosi iliyofuata, katika sala ya jumuiya, aliinua mkono. Alieleza kwamba amesoma mstari wa 18, unaoagiza kuwa mwanamke mchawi asiachwe hai. Kisha akasema: "Ndugu mwenyekiti, kule kwetu yupo bibi, shangazi yake baba. Mtoto wa kaka yangu alipofariki, wazee walikwenda kwa mganga, na mganga akamtaja bibi huyo. Watu wanasema ama aondoke, ama aondolewe. Mimi nilikuwa napinga. Sasa nimesoma kitabu. Je, niendelee kupinga?"

Tunawaomba mlisome swali hilo mara ya pili, polepole. Kwa miaka mingi hatujasikia katika parokia zetu swali zito kuliko hilo. Uhai wa mtu ulikuwa umening'inia hapo, mbele ya watu kumi na wanane waliokaa juu ya mikeka na viti vya kuazima.

Alijibiwaje? Mwenyekiti alimwambia kwamba somo la siku hiyo ni Injili ya Jumapili, si kitabu cha Kutoka, na maswali mengine yapelekwe kwa katekista. Kisha wakaingia katika matangazo ya mchango wa ujenzi. Katekista alimwambia kwamba mkatekumeni hapaswi kusoma Agano la Kale kabla ya ubatizo, maana litamchanganya. Naye padre, yaani mmoja wetu sisi tunaoandika kurasa hizi, alipofika kigangoni baada ya wiki mbili alikuwa na haraka ya kwenda kigango kingine. Alimjibu huku mguu mmoja ukiwa tayari juu ya pikipiki, kwamba hayo yalikuwa mambo ya zamani, siku hizi hatuyafuati. Kijana akauliza: "Padri, nitajuaje yapi ni ya zamani na yapi ni ya siku hizi? Na ile amri ya kutokuua, si imo humo humo, kurasa mbili nyuma?" Pikipiki ikawashwa.

Bibi yule hakuuawa. Usiku mmoja alitoka na kuku wake wawili na mzigo wa nguo, akahamia kwa binti yake ng'ambo ya ghuba. Nyumba yake imefungwa. Jaruba lake la mpunga sasa linalimwa na wale wale waliokwenda kwa mganga.

Hatuandiki haya kwa ajili ya kijiji kimoja. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa huku kwetu, Mwanza na Shinyanga. Neno "mauaji ya vikongwe" limezoeleka masikioni mwetu kama neno "ukame". Macho mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, moshi wa miaka hamsini ya kuwapikia watu hao hao, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Na kuanzia mwaka 2007 ukatili huo huo uliwageukia ndugu zetu wenye ualbino, watoto kwa wakubwa, wakawindwa kandokando ya ziwa hili kwa maelekezo ya waganga wanaouza bahati ya samaki na ya dhahabu. Januari 2009 serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Ramli chonganishi haikufutika.

Wala tusijidanganye kwamba watendao hayo wote ni watu wa nje ya Kanisa. Tumezika vikongwe, na katika mazishi yale tumewaona waamini wetu wenyewe wameinamisha vichwa, wakijua.

Wapo watakaosema: hayo ndiyo matokeo ya kumwachia mtu mgeni kitabu asichokielewa, angesubiri afundishwe. Sisi twakataa. Kosa la kijana yule halikuwa kusoma. Alisoma, akatatizwa, akauleta utata wake mbele ya jumuiya kabla ya kutenda lolote. Je, kuna jambo jema kuliko hilo ambalo msomaji mgeni angeweza kulifanya? Waliokosa ni wale ambao swali liliwafikia wakalipisha pembeni, nasi tumo.

Basi tufungue kitabu, tufanye sasa kile tulichopaswa kukifanya Jumamosi ile.

Sura ya 22 ya Kutoka haiishii mstari wa 18 (katika baadhi ya matoleo mstari huo ni wa 17). Msomaji akiteremsha kidole chake mistari minne tu, hukuta katazo la kumtesa mjane na yatima. Tena katazo hilo halikutamkwa kwa upole. Mungu asema kwamba mjane akimlilia yeye atasikia, hasira yake itawaka, nao watesi watauawa, na wake zao wenyewe watakuwa wajane. Sasa tujiulize: mwanamke anayetajwa na mganga katika vijiji vyetu ni nani? Ni mke wa mwenyekiti? Ni dada wa tajiri mwenye mabasi? La hasha. Ni mjane, mzee, asiye na mwana wa kiume wa kumtetea, mwenye kijishamba ambacho wana wa mashemeji wanakitamani. Ndiye yule yule wa mstari wa 22. Mtu amwuaye kwa nguvu ya mstari wa 18 amekwisha kujihukumu kwa mstari wa 24.

Akigeuza ukurasa, sura ya 23 inamkataza kueneza habari za uongo, inamkataza kuufuata umati katika kutenda uovu, na inamkataza kumwua asiye na hatia. Agizo hilo juu ya umati lilistahili kuandikwa kwa rangi juu ya mlango wa kila kigango cha Usukuma. Maana bibi hauawi na mtu mmoja mwenye hasira, huuawa na kijiji kilichokubaliana kunyamaza.

Na mganga je? Kumbukumbu la Torati 18:10 inamweka mpiga ramli katika orodha moja na mchawi. Hapa ndipo hoja yote ya wauaji inapoanguka kifudifudi. Ili ampate mchawi wa kumwua kwa sheria ya Musa, mtu huyu amekwenda kutafuta shauri kwa yule ambaye sheria hiyo hiyo ya Musa imemkataa. Ameivunja Torati asubuhi apate kuitimiza jioni! Tena Torati yataka mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa kifo (Kumb. 17:6). Kibuyu cha mganga si shahidi. Kuku aliyepasuliwa si shahidi.

Halafu, hao wanaoushika mstari huu kwa nguvu, mbona hawaushiki ule wa Kutoka 21:17, unaomhukumu kifo amlaaniye baba yake au mama yake? Mbona hawaushiki ule wa 35:2, juu ya afanyaye kazi siku ya Sabato? Kama mistari hiyo ingetekelezwa kama wanavyotaka utekelezwe ule mmoja, tungelikwisha kuzika nusu ya wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na vijana wetu karibu wote. Hakuna atakaye hivyo. Basi na tukiri kwamba hatuwaui vikongwe kwa sababu Biblia imesema. Twataka kuwaua kwa sababu nyingine, kisha tunaitafutia Biblia kazi ya kutusafisha mikono.

Hapa mtu atasema: "Baba, lakini uchawi upo." Swali hilo tumeulizwa mara mia, na mara nyingi huulizwa ili mazungumzo yaishe. Kwamba wapo watu wenye nia mbaya, hatukatai. Kwamba ipo sumu, hatukatai. Nguvu za giza Injili yenyewe inazitaja. Lakini kutoka hapo hadi kumkata panga mama mzee usiku, kuna safari ambayo hakuna mstari wowote uliompa mtu nauli. Mtoto wa kaka wa kijana yule alikuwa na homa siku nne kabla hajapelekwa zahanati. Hilo halikuulizwa kwa mganga.

Sasa twaweza kumjibu kijana swali lake la pikipikini: nitajuaje? Hatajua kwa kupewa orodha ya mistari iliyokwisha muda wake. Atajua kwa kusoma sura nzima badala ya mstari, na kitabu kizima badala ya sura. Atajua kwa kukumbuka kwamba sheria zile ziliwekwa kwa taifa moja, katika nyakati zake, nalo likiwa linafundishwa hatua kwa hatua. Na atajua kwa kuupeleka kila mstari mbele ya Kristo, ambaye alipoletewa mwanamke wa kupigwa mawe aliwarudishia washitaki swali lao juu ya nafsi zao, wakaondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Jibu hilo lahitaji saa moja na mahali pa kukaa.

Kuna kitu kingine alichokikosa kijana yule, nacho ni cha kusikitisha. Biblia aliyoinunua ni ile ya Union Version ya mwaka 1952, tafsiri yenye Kiswahili kizito ambacho hata sisi twakipenda. Lakini toleo hilo halina vile vitabu na sehemu za Agano la Kale ambazo Kanisa Katoliki linazipokea na ndugu zetu Waprotestanti hawazipokei. Kwa hiyo halina sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Hakuna aliyemwambia. Na sura hiyo ndiyo kesi ya Suzana, mwanamke aliyeshitakiwa kwa uongo na wazee wawili wenye heshima, waamuzi wa watu, akahukumiwa kufa na mkutano mzima ukaafiki. Danieli, naye kijana mdogo, alisimama akapinga hukumu. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake jambo lilitendeka chini ya mti gani. Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine. Ushahidi ukavunjika palepale. Danieli hakutazama macho ya Suzana yana rangi gani, aliuliza maswali. Laiti sura hiyo ingesomwa mara moja kwa mwaka katika kila jumuiya ya Magu, ya Misungwi, ya Kwimba na ya Sengerema, kisha wazee wakaambiwa: haya, tuleteeni mganga wenu tumwulize chini ya mti gani!

Tuje sasa kwenye ile kauli ya katekista, kwamba mgeni asisome kwanza. Hatumlaumu peke yake, kwa kuwa aliifundishwa na sisi mapadre, ambao tuliona ni salama zaidi mtu akariri majibu ya katekisimu kuliko auliza maswali ya kwake. Lakini kauli hiyo haina mizizi katika historia ya ziwa hili.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers, walifika Kageyi katika pwani yetu hii ya kusini mwa ziwa mwishoni mwa mwaka 1878, na kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka kwa mtumbwi, wakafika Buganda Februari 1879. Je, Waganda waliwaitaje wageni waliojiandikisha katika dini, Wakatoliki kwa Waprotestanti? Waliwaita abasomi, yaani wasomaji. Katika Kiganda kitenzi hicho kimoja kilibeba maana ya kusoma na maana ya kusali. Hakukuwa na mtu aliyekuwa kwanza mwamini, kisha baadaye sana akaruhusiwa kuwa msomaji. Tena wengi walianza kwa maandiko ya Kiswahili, kwa kuwa ya Kiganda yalikuwa bado hayajachapwa.

Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha Bukumbi, misioni ambayo sisi sote wa Mwanza twaiona kuwa mama. Hawakurudi Buganda hadi mwaka 1885. Karibu miaka mitatu, wasomaji wale wageni walibaki bila padre. Je, walichanganyikiwa? Je, walipotea? Mapadre waliporudi waliwakuta wameongezeka, kwa kuwa akina Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wakiwakusanya wenzao na kuwafundisha kile walichokijua. Na tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, miongoni mwa waliochomwa moto walikuwamo vijana waliobatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla, wakiwa kifungoni. Kitoto kama Kizito, mwenye umri wa miaka kama kumi na minne, alikuwa mkatekumeni karibu hadi saa yake ya mwisho. Tunawaomba watuombee kila mwaka. Mbona tunawakataza wakatekumeni wetu kufanya kile walichokifanya wao?

Tena tutazame jambo moja tusije tukaielewa vibaya historia hiyo. Wasomaji wale hawakuwa na padre, lakini hawakuwa peke yao. Walisoma wakiwa kundi. Kadinali Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake kwamba mtu afundishwe miaka minne kabla ya ubatizo, na miaka hiyo haikuwekwa ili mtu angoje nje ya mlango. Iliwekwa ili asindikizwe. Ibada ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, iliyotolewa Roma mwaka 1972 kwa agizo la Mtaguso, yaruhusu mkatekumeni akabidhiwe kitabu cha Injili siku ile ile anapopokelewa katika ukatekumeni, na si siku ya kubatizwa. Nayo hati ya Mtaguso juu ya Ufunuo, ya Novemba 1965, yataka waamini wote wafunguliwe wazi mlango wa Maandiko, na yawataka wachungaji kuwapatia tafsiri zenye maelezo ya kutosha. Mababa wa Mtaguso waliyataka yote mawili. Sisi tumewapa watu nusu ya kwanza, tena kwa shingo upande.

Na tumtaje mgeni mmoja wa kando ya ziwa hili ambaye kila Mtanzania anamjua. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, alibatizwa Nyegina mwaka 1943 akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mmoja. Aliingia kama msomaji, na hakuacha kusoma; mwaka 1996, akiwa mzee, tenzi zake za Enjili na za Matendo ya Mitume zilichapwa Ndanda. Hatusemi kila mkatekumeni atakuwa Mwalimu. Twasema tu kwamba hakuna aliyemwambia kitabu kile kitamchanganya, au kama yupo, hakusikilizwa.

Kijana wetu wa dagaa alipokosa jibu kwetu hakukaa bila jibu. Mwezi mmoja baadaye tulipomtembelea katika kibanda chake mwaloni tulikuta vijitabu vitatu alivyovinunua stendi ya mabasi. Kimoja kilikuwa cha hesabu ya mnyama wa Ufunuo, na mwisho wa dunia ulikuwa umewekewa tarehe ambayo ilikwisha kupita. Cha pili kilimfundisha kwamba umaskini ni laana na dawa yake ni kutoa sadaka kwa mtu aliyekiandika. Cha tatu kilihusu laana za ukoo. Kilikuwa na ukurasa wa dalili za kumtambua mwanamke mchawi katika familia, na chini yake, kwa herufi nzito, Kutoka 22:18. Hakikuwa na mstari wa 22.

Hivi ndivyo vitabu juu ya Biblia anavyovipata mtu mgeni kwa bei ya soda moja. Twaviita kwa jina lake: ni sumu iliyofungwa vizuri. Tume ya Kipapa ya Biblia ilionya mwaka 1993 juu ya usomaji wa namna hii, unaong'ang'ania herufi na kukataa kuuliza neno liliandikwa lini, kwa nani na kwa nini. Lakini onyo haliwezi kushindana na kijitabu cha stendi ikiwa sisi hatuna cha kuweka mezani.

Tulifungua kabati la parokia moja, hatutaitaja. Tulikuta novena, vitabu vya nyimbo, maisha ya watakatifu wawili watatu, na fafanuzi mbili nene za Kiingereza ambazo mmisionari fulani aliziacha na mchwa wamezianza. Hapakuwa na kitabu hata kimoja cha Kiswahili cha kumsaidia mtu kuisoma Biblia. Parokia hiyo hiyo katika mwaka huo ilinunua vipaza sauti vipya, mahema mawili na viti vya plastiki mia mbili. Hatuchukii viti. Lakini twauliza, watu mia mbili wakikaa juu ya viti hivyo, watasoma nini? Marehemu Papa Fransisko mwaka 2019 alituwekea Dominika ya Neno la Mungu. Twaiadhimisha: Biblia huingia kwa maandamano, imebebwa kichwani katika ungo uliopambwa, kina mama wanapiga vigelegele, ngoma inalia. Ni jambo zuri, nasi tunalipenda. Kisha Jumatatu kitabu kinarudi kabatini, na ufunguo uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amesafiri.

Hata jumuiyani, tunaposoma, tunajua kukwepa. Wengi wenu mmefundishwa ile njia ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini. Hatua ya kwanza hadi ya tano tunazipita vizuri: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno, tunanyamaza, tunashirikishana. Hatua ya sita ndiyo inayouliza, Neno hili linatutuma kufanya nini hapa tulipo? Hapo ndipo mwenyekiti anapofungua daftari la michango. Hatua ya sita imekuwa ya matangazo! Kijana yule aliuliza swali la hatua ya sita kabla hatujalifikia, na kwa sababu hiyo tukamwona amevuruga utaratibu.

Matendo ya Mitume sura ya 8 yatuonyesha msomaji mgeni mwingine. Ni Mwafrika, mtunza hazina wa malkia wa Waethiopia, ameketi garini njiani akisoma kitabu cha Isaya na haelewi. Filipo hakumngoja ofisini. Alikimbia, akalifikia gari, akamsikia akisoma, akamwuliza kama anayaelewa ayasomayo. Hakumnyang'anya kitabu. Hakumwambia ajiandikishe kwanza. Alialikwa, akapanda, akaketi karibu naye, akaanzia mahali pale pale mgeni alipokuwa amefika.

Tuongeze jambo ambalo halisemwi mara nyingi mimbarini. Mtu yule alikuwa towashi, na Kumbukumbu la Torati 23:1 lilimfungia mtu wa namna yake mlango wa kusanyiko la Bwana. Mstari upo, hauna kificho. Lakini kitabu kile alichokishika mkononi, alichokuwa akikisoma mahali tunapopaita sura ya 53, kilikuwa kinamngojea na neno lingine sura tatu tu mbele, katika ya 56, ambapo Mungu anawaahidi matowashi mahali ndani ya nyumba yake. Kama angesimamishwa kwenye mstari mmoja wa Torati, angegeuza gari. Alibatizwa siku ile ile, katika maji ya kando ya njia.

Basi Tume yetu yawaomba viongozi mambo ambayo hayahitaji mchango wa pekee. Biblia ya jumuiya isikae chini ya ufunguo. Mkatekumeni yeyote anunuapo Biblia, katekista amwonyeshe ni toleo gani na lina upungufu gani, na kama halina Danieli 13 aazimwe toleo lenye sura hiyo. Bajeti ya parokia itenge kwa vitabu vya maelezo ya Maandiko kwa Kiswahili angalau bei ya viti kumi. Swali likiulizwa juu ya uhai wa mtu, sala isifungwe kabla halijajibiwa au kabla hajatumwa mtu wa kumwita ajuaye. Na pale mganga anapomtaja mama, mwenyekiti wa jumuiya afike nyumbani kwa huyo mama siku hiyo hiyo, akiwa na watu, mchana, waonekane. Kisha taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji, polisi na kwetu. Kuna viongozi watakaoogopa kwamba nao watatajwa. Hofu hiyo ni ya kweli, hatuidharau, na ndiyo maana twasema waende wengi.

Sisi nasi tumejipangia. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapokuwa nchi kavu, mapadre wawili na katekista watashuka mwaloni jioni na kukaa na yeyote mwenye kitabu. Tulianza mwezi uliopita. Tulimwomba kijana yule radhi mbele ya wenzake, kisha tukasoma naye Kutoka 22 na 23 tangu mwanzo hadi mwisho. Aliandika namba za mistari juu ya kiganja cha mkono kwa kalamu, akasema Jumapili anakwenda kijijini kuwasomea wazee, na angependa tumsindikize. Tulikwenda. Wazee walisikiliza. Mmoja aliondoka katikati. Juu ya jaruba la mpunga walisema watakaa tena baada ya mavuno, na bibi bado yuko ng'ambo ya ghuba.

Kijana ameendelea kusoma. Amekwisha kupita Yoshua, yuko kitabu cha Waamuzi, sura ya 11, na tayari ametutumia ujumbe kuuliza juu ya binti wa Yeftha.